Barua ya wazi: Kabla kijiko hakijaingia tena kwenye matete

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam;
Waheshimiwa Mameya na Wakurugenzi wa Jiji, Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni;
Wizara zenye dhamana ya mazingira, na ya maliasili na utalii;
NEMC (wasimamizi wa mazingira wa taifa), TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

YAH: MATETE YA MABONDE YETU NA NDEGE WA BASRA

Waheshimiwa,

Salaam, na poleni kwa majukumu. Najua mezani kwenu kuna mafaili mazito: foleni, maji, taka, madaraja, watu wanaodai fidia. Mimi nawaandikia kuhusu ndege wa gramu zisizofika 25. Naomba msiiweke barua pembeni mapema, maana hoja yangu inagusa mafuriko na fedha za umma, si ndege peke yake.

Ninachoomba nakisema mwanzoni ili msinitafute. Matete ya mabonde ya mito ya Dar es Salaam yasifyekwe kati ya Novemba na Aprili, wala kuchomwa moto wakati wowote. Na katika bustani kubwa inayopangwa Bonde la Msimbazi, kitengwe kipande cha matete kitakachobaki matete, kwenye ramani iliyosainiwa. Basi. Mengine yote humu ni maelezo ya kwa nini.

Mimi ni muongoza watalii wa ndege. Wageni wangu wengi wanapita tu Dar es Salaam wakienda Usambara, Udzungwa au Selous, na wakibaki na nusu siku kabla ya ndege yao kuondoka uwanja wa JNIA huniuliza: hapa mjini kuna nini cha kuona? Swali linalofuata, kwa wale walioiva, ni kuhusu ndege mmoja: yule wa matete wa Basra, yupo? Wanamtaja kwa jina lake la kitaalamu, Acrocephalus griseldis, na wakilitamka unaona macho yanavyobadilika. Mtu amekwenda nchi kibao, orodha yake ina maelfu ya ndege, na huyu bado hajampata.

Ukimwona hutashtuka. Mgongo una rangi ya udongo mkavu, tumbo jeupe, mstari mweupe juu ya jicho, mdomo mrefu mwembamba kuliko unavyotegemea kwa kichwa kidogo vile. Hana rangi ya kujivunia. Hakai juu ya waya kama mbayuwayu wala hatui kwenye meza ya mama lishe kama shorewanda. Anakaa ndani ya matete na vichaka vinavyoota karibu na maji, anapanda na kushuka kwenye mabua akiokota wadudu, na mara nyingi unamsikia kabla hujamwona: sauti ya chini, ya kukwaruza, kama anajisemea mwenyewe. Binamu zake wa matete wanakuja Tanzania pia, wengine kutoka Ulaya, wengine kutoka Asia ya kati, nao wako salama kwa kiasi kikubwa. Huyu wa Basra hayuko salama. BirdLife International, ambao ndio wanaopima hali ya ndege kwa ajili ya Orodha Nyekundu ya IUCN, ile orodha ya dunia ya hatari ya viumbe kutoweka, wamemweka kwenye daraja la viumbe walio hatarini kutoweka. Na sababu yenyewe ina funzo kwa kila mtu anayeshika kalamu ya kusaini mradi wa bondeni.

Anazaliana katika eneo dogo sana la dunia. Ngome yake ni mabwawa makubwa ya asili ya matete kusini mwa Iraki, jirani na mji wa Basra, pale mito ya Tigri na Frati inapokaribiana kabla ya kumwaga Ghuba, pamoja na sehemu za jirani za Khuzestan upande wa Iran. Wachache wanapatikana Kuwait na Israel. Ikifika Agosti wanaanza kuondoka. Wanavuka Uarabuni, wanapumzika wiki kadhaa Sudan na Ethiopia, kisha mvua za vuli zikishaanza wanateremka Kenya, na kutoka hapo wanasambaa pwani ya Kenya, Tanzania, Malawi na Msumbiji. Huku wanakaa mpaka Machi au Aprili, halafu safari ya kurudi. Kutoka Basra hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 4,000, na ndege mwenyewe hapiti kwenye mstari ulionyooka. Anasafiri usiku, kwa mafuta aliyoyaweka mwilini, na kinda wa mwaka huo huo anafika bila kuongozwa na mzazi.

Yaani huyu si ndege wa Iraki anayetembelea Afrika. Karibu nusu ya mwaka wake anaumalizia upande huu, na ukijumlisha safari ni zaidi ya nusu. Hata sayansi ilimfahamu kupitia kwetu: mwaka 1891 Mjerumani Gustav Hartlaub alipomwandika kwa mara ya kwanza kama aina mpya, ndege aliyemtumia alikuwa ametoka Nguru, katika nchi hii ambayo leo ni Tanzania.

Wazee wa pwani hawatashangaa kusikia njia hiyo. Ni njia ya kaskazi. Majahazi yalitoka Shatt al-Arab na Ghuba yakiwa na tende, yakashuka na upepo ule ule, yakarudi na kusi yakiwa yamebeba boriti za mikoko za Rufiji na Lamu, na boriti hizo zimeezeka nyumba za Basra na Kuwait mpaka karne iliyopita. Nyuma zaidi kuna habari chungu: watumwa walioitwa Wazanji, waliotolewa Afrika Mashariki na kwingineko, walifanyishwa kazi ya kukwangua ardhi ya chumvi kandokando ya Basra, wakaasi mwaka 869, na kwa miaka kumi na nne waliwasumbua makhalifa wa Baghdad wakitumia mifereji na matete hayo hayo kama ngome. Nimechepuka kidogo, mtanisamehe. Ila mtu akiniambia Basra inatuhusu nini, huwa sijui nianzie wapi.

Turudi kwenye mabwawa. Mpaka miaka ya 1970 yalikuwa na ukubwa wa kati ya kilomita za mraba 15,000 na 20,000, maji na matete mpaka macho yanakoma, na watu wanaoishi juu ya visiwa vya matete, nyumba za matete, nyati majini. Baada ya uasi wa 1991 serikali ya Saddam Hussein iliamua kuyakausha ili waasi wasipate pa kujificha. Ikajenga matuta, ikachimba mifereji ya kuyapeleka maji kando. Wakati huo huo nchi za juu ya mito zilikuwa zinajenga mabwawa ya umeme na ya umwagiliaji. Mwaka 2001 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa picha za setilaiti: kama asilimia 90 ya eneo lilikuwa limeshakauka. Kumbukeni ndege wetu hana mahali pengine pa maana pa kutagia. Ndani ya miaka kumi tu, nyumba yake karibu yote ikageuka vumbi la chumvi.

Mwaka 2003 utawala ulipoanguka, wenyeji hawakusubiri mshauri mwelekezi. Walichukua sururu na mashine walizozipata, wakayatoboa matuta. Maji yakaingia, na matete yakarudi kwa kasi iliyowashangaza hata wanaoyafahamu. Shirika la Nature Iraq lilipoanza kuhesabu ndege huko kuanzia 2005, ndege wa Basra walikuwepo, wanaimba na kujenga. Mwaka 2016 UNESCO ikayaingiza mabwawa hayo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Lakini hayakurudi yote, na ukame wa miaka hii ya karibuni, pamoja na maji yanayozuiwa juu ya mito, umeyapunguza tena.

Nimeieleza kwa kirefu kwa sababu kuna mambo mawili ya kushika. Moja, matete yakipata maji na kuachwa, yanarudi haraka. Hayahitaji bajeti ya kuyapanda. Pili, Iraki hata ikifanya kila kitu sawasawa, ndege wakifika huku Desemba wakakuta mabonde yamepigwa kwanja na kuchomwa, kazi yao itakuwa bure. Huyu ndege ana nyumba mbili na ya pili iko kwetu.

Wakenya wameliona hilo muda mrefu. Pale Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, taa za hoteli kwenye ukungu wa Novemba na Desemba huwashusha ndege wahamaji kwa maelfu, na tangu 1969 kuna watu wanaowakamata kwa nyavu laini, kuwapima, kuwavisha pete na kuwaachia. Ndege wa matete wa Basra wamekamatwa pale kwa wingi, na kumbukumbu za Ngulia ndizo zimewasaidia wataalamu kufahamu anapita lini na ana hali gani. Kutoka Ngulia mpaka mpaka wa Tanzania si mbali. Ndege hasimami Horohoro kugongewa pasipoti.

Sasa tuje nyumbani.

Dar es Salaam inaitwa jiji la bahari, lakini mwenye macho anaona pia jiji la mabonde. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, Kisarawe, unakata jiji kwa kilomita kama 35 mpaka daraja la Selander. Kuna Mpiji kaskazini, Tegeta, Mbezi, kuna Kizinga na Mzinga upande wa Mbagala na Mtoni, na vijito visivyo na majina kwenye ramani ila kila mtaa una jina lake. Mahali pote ambapo maji yanatuama na watu hawajajenga, matete yanaota yenyewe. Yapo kandokando ya mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, yapo chini ya Kigogo, yapo nyuma ya karakana, yapo katikati ya mashamba ya mchicha na matembele.

Na kila mwaka, Januari hadi Machi, ili kujiandaa na masika, yanafyekwa.

Nilishuhudia kazi moja ya namna hiyo, mto mdogo upande wa kaskazini wa jiji, mwezi wa pili. Kijiko kilikuwa kimeshuka bondeni, kinang'oa matete na mizizi yake na kuyatupa juu ya kingo. Matope meusi yananuka. Nyuma ya kijiko vijana wanawasha moto ule mrundiko, mabua mabichi yanapasuka kama fataki. Lilikuwa limebaki shungi moja la matete, labda upana wa kitanda cha sita kwa sita, na ndani yake kulikuwa na ndege wa matete anayepanda na kushuka kwenye mabua, anapanda na kushuka, mdomo wazi. Aliruka mara mbili hivi kuelekea ng'ambo, akakuta hakuna pa kutua, akarudi pale pale. Sikuwa na muda wa kumtambua kama ni wa Basra au binamu yake, moshi ulikuwa mwingi. Nikamwomba dereva asubiri kidogo. Kijana mstaarabu tu, akazima mashine, akanisikiliza, akaniambia, "Kaka, nakuelewa. Ila mimi nimeambiwa niache peupe. Nikiacha kichaka silipwi."

Simlaumu. Yeye anatekeleza mkataba, na mkataba umeandikwa na mtu aliyedhani mto mzuri ni mto uliokuwa peupe.

Tuulize kama peupe pale panatusaidia. Matete yanapunguza kasi ya maji na yanashika udongo kingoni. Yakiondolewa na mizizi yake, mvua ya kwanza kubwa inabeba kingo, mchanga unashuka, unaziba madaraja chini, na mwaka unaofuata kijiko kinaitwa tena kuchimba mchanga ule ule ulioachiwa na kijiko cha mwaka jana. Matete pia yanasafisha maji machafu. Hilo wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamelifanyia utafiti kwa miaka zaidi ya ishirini kwenye mabwawa ya matete wanayoyajenga kwa ajili hiyo. Yaani mlimani wanayapanda kwa makusudi ili yasafishe majitaka, bondeni sisi tunalipa ili yang'olewe. Mtu wa nje akituangalia atatuelewaje?

Najua hoja za upande wa pili, nami ninaishi Tabata, si Oysterbay. Wanasema matete yanaleta mbu. Aina kuu mojawapo ya mbu wa malaria inapenda kutaga kwenye maji ya wazi yanayopigwa na jua: madimbwi, mashimo ya matofali, alama za magurudumu. Mbu wale wa usiku wanaotupigia kelele masikioni wanatoka kwenye mifereji iliyoziba na mashimo ya vyoo. Kijiko kikishapita na kuacha mitaro ya minyororo yake imejaa maji, tumewajengea mbu wa malaria nyumba mpya. Sisemi matete hayana mbu hata mmoja. Nasema tusiyasingizie.

Hoja ya vibaka nzito zaidi, na hiyo siibezi. Dada anayetoka zamu ya usiku akipita pembeni ya matete marefu kuliko yeye, ana haki ya kuogopa. Lakini dawa yake si kufyeka bonde zima. Fyekeni ukanda kando ya njia za watu, wekeni taa zinazoangaza chini kwenye njia, si juu angani, na kazi hiyo mnaweza kuifanya mwaka mzima bila kugusa katikati ya bonde ambako hapiti mtu. Nyoka nao tunawaongeza sana kwenye mazungumzo. Rundo la taka linafuga panya, na panya ndiye anayemwita nyoka.

Kuhusu ratiba, naomba wahandisi wanisikilize vizuri kidogo, maana hapa tunakubaliana kuliko mnavyodhani. Mnasafisha mito Januari mpaka Machi kwa sababu masika inakaribia. Lakini Novemba na Desemba vuli imeshapiga, bonde limelowa, kijiko kinazama, mkandarasi anadai siku za ziada. Mkihamishia kazi kati ya Julai na Oktoba, ardhi ni kavu, maji yamepungua, kazi inakuwa nafuu, na mnakuwa mmejiandaa kwa vuli na masika kwa pamoja. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 na kuwapeleka wengine kuanza maisha upya Mabwepande, hayakusubiri masika. Na ndege wetu kipindi hicho cha Julai mpaka Oktoba hayupo. Yuko Iraki au njiani.

Najua pia kinachokwamisha. Mwaka wa fedha unaanza Julai, fedha zinashuka taratibu, zabuni inaingia NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali, tathmini, rufaa, mkataba, na ukija kushtuka ni Januari. Sasa nani anakataza mchakato kuanza Aprili ili mkataba usainiwe Julai? Barabara tunazifanyia hivyo. Mto nao ni miundombinu.

Halafu kuna Msimbazi, na hapa ndipo penye uzito wote. Mradi wa kuendeleza bonde hili ulipata mkopo wa dola milioni 200 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2022, pamoja na fedha za wadau wengine. Nyumba zimebomolewa Jangwani na kwingine, watu wamelipwa na wengine bado wananung'unika, daraja jipya la Jangwani linakuja, na katikati ya bonde kunapangwa bustani ya jiji. Naunga mkono mradi. Aliyewahi kukaa Jangwani ndani ya basi la mwendokasi maji yakipanda ngazi hawezi kuupinga.

Ninachoogopa ni bustani. Tunazijua bustani zetu: ukoka uliokatwa vizuri, michikichi ya mapambo iliyopakwa chokaa miguuni, bembea, eneo la maharusi kupigia picha. Sina ugomvi na maharusi. Lakini bonde ni kubwa, na mto unaofurika hauheshimu ukoka. Kwa nini pembe moja ya bustani, ile inayolowa kila mwaka na ambayo hamuwezi kujenga kitu hata mkitaka, isiachwe iwe matete, na mikoko upande wa chini karibu na Selander? Wekeni daraja la mbao la watembea kwa miguu juu yake, na kibanda cha kutazamia ndege. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kumwagilia ukoka miezi ya kiangazi. Wanafunzi wa Magomeni na Kigogo watakwenda kwa miguu kujifunza. Na wageni wangu, badala ya kukaa nusu siku hotelini wakisubiri ndege ya chuma, watalipa kiingilio kuja kutafuta ndege wa nyama. Kwa sasa wakimtaka huyu wa Basra wanakwenda Kenya, na dola zao zinabaki huko.

Sheria mnayo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kifungu hicho tumekiona kikitumika kumbomolea mwananchi kibanda na kumfukuza mkulima wa mchicha. Sijawahi kukiona kikitumika kulinda mmea unaoota wenyewe ndani ya mita hizo hizo 60. Kikitumika pande zote mbili, hata wale waliohamishwa watatuelewa kidogo. Na mkataba upo pia: Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Bonn wa 1979 kuhusu wanyama wahamaji tangu 1999, na huyu ndege yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza, wanakowekwa wale walio hatarini, ambao nchi wanachama zinatakiwa kuyahifadhi makazi yao. Sahihi ni yetu. Hakuna mzungu anayetulazimisha.

Jambo la tathmini ya athari kwa mazingira nalisema kwa ufupi kwa sababu NEMC mnalifahamu kuliko mimi. Mtaalamu akienda bondeni Agosti akaandika ndege aliowaona, orodha yake ni ya kweli na bado ina upungufu, kwa sababu wahamaji wote wa kaskazini hawapo. Wekeni sharti: mradi wowote unaogusa ardhi oevu ya pwani, ndege wahesabiwe pia kati ya Desemba na Februari. Na kwa kuwa huyu wa matete anajificha, darubini peke yake haitoshi. Zinahitajika nyavu laini, mtu aliyefunzwa, na vibali vya TAWIRI na COSTECH, taasisi zinazosimamia utafiti wa wanyamapori na wa sayansi. Watu wapo. Idara ya zoolojia pale mlimani ina vijana wenye njaa ya kazi ya namna hii, na Nature Tanzania ndio washirika wa BirdLife hapa nchini. Wapeni misimu mitatu kabla bustani haijamwagiwa kifusi cha mwisho. Matokeo yao yatawaambia ni pembe ipi hasa ya kuacha, nasi tutaacha kubishana kwa hisia.

Rufiji sijaigusa, nami naiacha makusudi. Delta ile imo kwenye eneo la Ramsar, yaani ardhi oevu inayotambuliwa kimataifa, tangu 2004, ina wenyewe, na sasa ina bwawa kubwa la umeme juu yake. Siku mkiwa mnapanga kiasi cha maji ya kuachiwa yateremke, someni habari ya Iraki kwanza.

Kuna msemo tunaowaambia wageni, kwamba siku ya tatu wapewe jembe. Huyu anakaa miezi kadhaa na jembe anakuja nalo mwenyewe: anakula wadudu mchana kutwa na halipwi posho. Tunachotakiwa kumpa ni mabua ya kukalia.

Kwa utekelezaji wa karibu kabisa, Waheshimiwa, naomba yafuatayo yatoke kabla ya Novemba hii: waraka wa Mkuu wa Mkoa kwa halmashauri zote tano unaohamisha ufyekaji wa mabonde kwenda Julai hadi Oktoba, na unaokataza uchomaji wa matete muda wote, na barua kwa waratibu wa mradi wa Msimbazi ikiwataka waoneshe kwenye mchoro wa bustani eneo la matete ni lipi na lina ukubwa gani. Mkiitisha kikao cha wadau, nipo tayari kuja na wenzangu watano au sita tunaofanya kazi hii, kwa nauli yetu. Mkipenda zaidi twendeni bondeni wenyewe asubuhi ya Januari, saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijawa kali. Vaeni viatu vya mvua. Darubini nitawaazima.

Wenu katika ujenzi wa jiji,

Mkazi wa Tabata na muongoza watalii wa ndege.

Nakala:
Wenyeviti wa serikali za mitaa iliyopakana na Bonde la Msimbazi.
Madereva wa vijiko, popote mlipo.